Meno ya Kahawia ya Dada Yangu

Dada yangu mkubwa alilelewa na nyanya yetu Kitui, akanywa maji ya kisima kirefu utoto wake wote. Alipokuja kuishi nasi Kayole, mwanzoni mwa miaka ya tisini, meno yake ya mbele yalikuwa ya kahawia. Hayakuwa machafu. Sijapata kuona mtu anayejitesa kwa usafi kama yeye. Kila asubuhi alisaga makaa, akachanganya na mchanga laini, akayasugua meno yale jinsi tulivyosugua sufuria za ugali. Alitema damu, akasugua tena. Rangi haikutoka.

Vijana wa ploti tulimopanga walimsalimu kwa namna moja tu: "Niaje, Chokleti?" Nilikuwa na miaka kumi na miwili na ulimi mkali, nikawarudishia maneno ambayo mama aliyasikia akiwa ghorofani. Dada alipita tu. Alizungumza midomo ikiwa imebanwa, na kanisani alikataa katakata kuingia kwaya, ingawa sauti yake iliwashinda wote waliokuwa wakituimbia. Hilo liliniuma kuliko hiyo Chokleti.

Siku moja, tukiwa mezani, akatangaza kwamba atang'oa meno manne ya mbele na kuwekewa ya bandia, meupe pe. Rafiki yake aliyefanya kibarua viwandani Industrial Area alikuwa amefanya hivyo. Baba akasema huo ni wazimu. Mama, ambaye magego yake karibu yote yalikuwa yamekwenda, alisukuma sahani yake kando.

"Nenda kwa daktari wa meno akuangalie, mwanangu," alimwambia dada. "Na uende na huyu."

Huyu ni mimi. Nilikwenda nimenuna, nikiomba kimoyomoyo daktari akatae.

Daktari alikuwa mama wa makamo asiye na haraka. Aliyagonga meno ya dada moja moja kwa kichuma chake.

"Nani amekuambia haya ni mabovu?"

"Kila mtu."

"Kila mtu si daktari. Haya ni madoa ya maji yenye madini mengi. Yaliingia meno yakiwa bado ndani ya ufizi. Hata ukisugua mpaka Krismasi hayatoki, unajiumiza tu. Achana na mchanga. Tumia mswaki laini na dawa ya meno, asubuhi na kabla ya kulala. Hapa hakuna tundu hata moja. Nikiyang'oa nitakuwa nimekuharibu."

"Lakini daktari, mimi nataka meupe. Kama ya huyu." Akaninyooshea kidole.

"Kama ya huyu?" Daktari akanigeukia. "Haya, panda hapa tuyaone."

Nilipanda kwa maringo. Meno yangu yalisifiwa na wageni wote wa nyumbani. Nililamba tofi kila jioni, nikanywa chai ya sukari nyingi, nikalala hivyo hivyo, maana kwangu mswaki ulikuwa kitu cha asubuhi, cha kwenda shule. Daktari alichungulia, akaguna, akamwita dada aje ajionee. Magego mawili yalikuwa yametoboka. La tatu lilikuwa limeoza hadi mzizini.

"Hayo mawili tutayaziba, yataokoka," alisema. "Hili litoke leo."

Nilipiga kelele hata kabla ya sindano ya ganzi. Dada alinishika kichwa kwa mikono miwili, akinibembeleza, mpaka jino likatoka na kuwekwa kwenye kisahani. Juu lilikuwa jeupe, ndani jeusi tii. Dada alilitazama. Kisha akaangua kicheko.

"Mimi ndiye nimekuja kung'olewa, na wewe ndiye unarudi na pengo!"

Nilikuwa na pamba mdomoni, na hasira za kumpiga teke nilikuwa nazo. Lakini alicheka mdomo wazi kabisa, nikayaona meno yake yote mpaka ya nyuma, ya kahawia na mazima, na furaha ikanishika pamoja na maumivu yangu yale yale.

"Daktari," alisema, akijipangusa machozi, "yangu yaache."