Ignasi wa Chanji na Maneno Yaliyooana

Ignasi wa Chanji alikuwa fundi cherehani asiye na cherehani. Alikaa barazani kwenye duka la Lukmani mjini Sumbawanga, akishona vifungo kwa mkono na kutia viraka suruali za makarani wa boma, na kazi hiyo ilimwachia nafasi kubwa ya kufanya alilolipenda, yaani kusoma karatasi za kufungia chumvi. Lukmani aliletewa mizigo ya magazeti makuukuu ya Kiingereza, akayachana vipande vya kufungia chumvi, sukari na misumari. Kila kipande kilipita kwanza machoni pa Ignasi. Wateja walizoea kuingoja chumvi yao huku fundi akimalizia habari.

Shule aliiacha darasa la nne, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji. Lakini katika magazeti yale mlikuwa na ukurasa mmoja uliomteka roho, ukurasa wa sinema na michezo ya kuigiza ya huko London. Sinema yenyewe hakuwahi kuiona hata kwa bahati mbaya. Jukwaa alilijua moja tu, lile la Krismasi pale misheni, ambapo aliigiza kondoo. Hata hivyo, kufikia mwaka wa hamsini na tatu, Ufipa nzima haikuwa na mtu aliyejua kama yeye jinsi Waingereza wanavyoyazungumza mambo hayo.

Siri aliipata kwa Mwalimu Eustaki, aliyefundisha shule ya Milanzi. Siku moja Ignasi alimpelekea sentensi aliyoitunga mwenyewe, ya kusema kwamba watu fulani wametengeneza sinema, naye kwa Kiingereza akaandika "do a film". Eustaki aliisoma, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Hii haiwezekani," alisema. "Huyu 'film' ni mke wa 'make'. Bwana 'do' ana wake zake wengine."

"Lakini mwalimu, wote wawili si maana yao ni kufanya?"

"Ni kufanya. Na mimi na wewe sote ni wanaume, lakini Bertilla ni mke wako, si wangu. Kiingereza ndivyo kilivyo. Maneno yalioana zamani, na harusini hatukualikwa. Kazi yako ni kujua nani mke wa nani, basi."

Tangu siku hiyo Ignasi alichora mstari katikati ya daftari, upande mmoja mabwana, upande mwingine mabibi. "Leading" alimwoa "role", na maana yake ni yule anayebeba mchezo mzima mabegani. "Full" alimwoa "house", ukumbi umejaa hata sisimizi hana pa kupita. "Mixed" alimwoa "reception", yaani wengine wamesifu na wengine wamezomea. Kulikuwa na "hit the headlines", habari ikivuma hadi ikaandikwa kwa herufi kubwa juu ya gazeti, na hiyo Ignasi aliiona ni ndoa ya ugomvi, maana yule bwana kazi yake ni kupiga.

Bertilla, mkewe, aliyasikia yote hayo akisaga ulezi. Ugali ukiungua aliambiwa umepata "mixed reception". Majirani wakija kunywa pombe, ilikuwa "full house". Alikuwa mwanamke mpole mwenye kupenda kucheka, na mwaka wa tisa wa ndoa alikuwa anajua nani kaoa nani kuliko baadhi ya makarani. Tatizo lilikuwa shambani. Wenzao walipofukia majani kwenye matuta ya duara, Ignasi alikuwa barazani na karatasi zake, na msimu ule matuta yao mtoto angeyahesabu bila kuchoka.

Habari mbaya haina miguu lakini inateremka milima. Iliteremka hadi Milepa, bondeni, ikaingia nyumbani kwa mama yake Bertilla. Mama huyo alifunga kibwebwe, akapanda mlima siku mbili, akafikia kwa binamu yake hapo hapo Chanji, mtaa wa kina Ignasi.

Hakumfokea Ignasi. Asingeweza. Kwa watu wale wa zamani, mkwe na mama mkwe hawakutazamana wala hawakusemeshana. Ukimwona anakuja njiani unaingia majanini, na usipofanya hivyo unaitwa mtu asiye na haya, ambaye hafai kuachiwa binti wa watu. Neno likiwa la lazima hasa, linasemwa nyuma ya ukuta, tena linaambiwa mtu mwingine, na anayehusika alisikie kana kwamba alikuwa anapita. Ignasi kwa woga wake hata nyuma ya ukuta hakuwahi kufungua mdomo. Mama Bertilla hakuijua sauti ya mkwe wake.

Yeye lakini hakuwa mwoga. Asubuhi ya Jumatatu alisimama nyuma ya nyumba ya Ignasi, akamwona kuku, akamwambia.

"Sikia we kuku. Mwanangu hakuolewa na karatasi za chumvi. Ikifika Jumapili huyo bwana hana kazi yenye jina, ninarudi na mwanangu Milepa."

Kuku alikwenda zake. Ndani, Ignasi aliweka chini uji aliokuwa anakunywa. Alimpenda Bertilla. Nalisema waziwazi kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kulisema, pamoja na maneno yote aliyokuwa nayo daftarini.

Mungu si Athumani. Jumatano ya wiki ile ile liliingia mjini gari la sinema la serikali, na kwenye mlango wa boma likabandikwa tangazo. Anatakiwa mfasiri wa kuzunguka nalo Ufipa yote, ajue Kiingereza na lugha za hapa. Atajaribiwa Jumamosi mbele ya watu.

Waombaji walikuwa watatu. Wawili walikimbia waliposikia kipaza sauti kikikohoa. Alibaki Ignasi mbele ya Mwingereza mwenye gari, mtu mrefu aliyeungua pua, ambaye watu walikwisha kumwita Bwana Sinema. Alimwuliza kwa Kiingereza kama amewahi kuona sinema nyingi. Ignasi alijibu kwamba hajaona hata moja, ila anazijua "opening nights" zake zote, yaani zile siku za kufungua pazia. Bwana Sinema akamwuliza watu wa hapa wanauonaje utawala wa Mwingereza. "Mixed reception, sir," alijibu Ignasi bila kufikiri.

Bwana Sinema alitoa kalamu mfukoni. Kisha akaandika kitu kwenye karatasi, akamwambia aje Jumamosi.

Jumamosi jua lilipozama, uwanja wa karibu na soko ulijaa. Shuka jeupe lilisimamishwa baina ya milingoti miwili. Lukmani, aliyetoa mikeka ya kukalia wazee, alikaa mbele katikati na kanzu iliyopigwa pasi. Ignasi alishika kipaza sauti, akasafisha koo, akawatazama watu wake. Pembeni mwa Lukmani, kwenye mkeka wa kwanza, alikaa Mama Bertilla.

Mama alivuta kanga yake usoni upesi, akageuza kichwa. Ignasi alitazama chini. Uwanja mzima ukawatazama hao wawili, maana hakuna Mfipa ambaye hakuelewa lililotokea. Aliyekuwa haelewi ni mmoja tu, naye alikuwa anamwonyesha Ignasi kwa kidole aanze.

Basi fikiria. Akisema, amepaza sauti mbele ya mama mkwe, tena kwa mashine, na kesho Bertilla anateremka Milepa na mama yake kwa sababu mumewe hana haya. Asiposema, kazi imekwenda, na Bertilla anateremka vilevile. Jasho lilimtoka Ignasi, na jioni za Sumbawanga si za kutoa jasho. Sinema ilikwisha kuanza. Mtu alikuwa anakwenda na kurudi shukani, na kutoka kwenye gari Kiingereza kilikuwa kinamwagika bure.

Ignasi aliburuta waya wa kipaza sauti, akazunguka nyuma ya shuka. Nguo imewambwa, mtu yuko upande huu, mkwe yuko upande ule. Kama huo si ukuta, ni nini? Sasa ilibaki kumpata wa kuambiwa.

"Bwana Lukmani," sauti ilitoka kwenye shuka, kubwa, ya taratibu. "Nakuambia wewe. Huyo mtu hana choo."

Uwanja ulipasuka kwa kicheko. Lukmani alijivuta kanzu.

"Nimesikia," alijibu, maana ukiambiwa huna budi kuitikia. "Sasa anakwenda wapi?"

"Bwana Lukmani, anakwenda mtoni. Na chini mtoni, Bwana Lukmani, jirani yake anachota maji ya kunywa."

"Nimesikia. Lakini usinitaje kila mara, watu watadhani choo ni changu."

Hivyo ndivyo walivyokwenda, mmoja akisema na mwenzake akiitikia. Nyuma ya shuka picha zilikuwa zimegeuka, na Ignasi akisema mtu anatokea kushoto, watu walimwona akitokea kulia. Wazee waliamua kwamba aliyekosea ni mashine.

Picha ya pili ilitoka London, siku ya kufunguliwa mchezo mkubwa wa kuigiza, na hapo msemaji wa Kiingereza alikuwa anakimbia kama anafukuzwa. Mfasiri mwingine angekufa. Lakini maneno yalipita mawili mawili, yameshikana mikono, na Ignasi aliyatambua yote. Aliyakuta kama ndugu aliowasoma miaka mingi bila kuwaona sura.

"Bwana Lukmani, mama huyo mwenye koti la manyoya ndiye anayebeba mchezo mzima. Hao wanaomulika ni watu wa magazeti. Kesho jina lake litakuwa juu kabisa, herufi kubwa. Na keshokutwa, Bwana Lukmani, utamfungia mtu chumvi."

Kicheko cha hapo kilifika boma. Ignasi mwenyewe alikuwa hacheki. Machozi yalikuwa yanamtoka gizani nyuma ya shuka, kwa sababu kumbe yote yale yalikuwa kweli, wale watu wapo, na yeye alikuwa amewajua sawasawa.

Taa zilipowashwa Bwana Sinema alimfuata, akamwuliza ni kwa nini alijificha. Ignasi alitafuta katika daftari la kichwani, akajibu kwa Kiingereza kwamba mama mkwe wake yuko miongoni mwa watazamaji, naye ndiye mwenye "leading role". Bwana Sinema aliuliza mama mkwe anakaa wapi siku zote. Aliposikia ni siku mbili kwa miguu, alivuta pumzi ndefu, akasema wa kwake anakaa naye nyumba moja. Akampa mkono. Wangeondoka Jumatatu, na nyuma ya shuka ndipo pangekuwa mahali pake.

Jumapili asubuhi Mama Bertilla alikuja na kibwebwe kiunoni, mzigo tayari. Alisimama nyuma ya nyumba. Ndani, Ignasi alikaa ameshika magoti. Hakujua kama habari ya kazi imemfikia, wala kama itatosha. Bertilla alitoka na fundo lake dogo la nguo, macho mekundu, maana mama ni mama.

Mama alilitazama fundo lile.

"Rudisha ndani," alimwambia. "Ninakwenda peke yangu." Alijitwika mzigo wake, akauweka sawa, kisha akapaza sauti kidogo kuelekea ukutani. "Na ukipita dukani, umwambie Bwana Lukmani kwamba yote aliyoambiwa jana niliyasikia. Sikujua kama anasema na mtu mwenye sauti nzuri hivyo."