Siku Niliyomzomea Mama Futi

Wateja wapya wakishakaa kwenye kiti changu cha kunyolea, huniuliza kama ni kweli. Ni kweli. Nilimzomea mke wangu mwenyewe mbele ya watu elfu mbili, mchana kweupe, na wala sikuwa nimelewa. Afadhali nisimulie mimi, maana wengine wakisimulia hutia chumvi, na kisa chenyewe hakihitaji chumvi.

Mimi ni kinyozi, mke wangu ni fundi cherehani. Vyumba vyetu vya kazi vimepakana. Tumetenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba, kwa hiyo yeye anasikia kila ninalobishana na wateja, nami nasikia cherehani yake ikikimbia na kusimama. Mtaa mzima humwita Mama Futi kwa sababu ile futi ya kupimia haimtoki shingoni. Ana macho ya ajabu mwanamke huyu. Mtu akipita barabarani, yeye ameshajua pindo la nguo yake limepanda upande gani, na hawezi kunyamaza, lazima amwite. Wengine hushukuru. Wengine humkata jicho wakaenda zao.

Macho hayo hayo ndiyo yaliyompeleka ufukweni. Miaka kumi na moja kabla ya siku hiyo alipewa kazi ya kushona mkanda wa juu ya wavu kwa chama cha mpira wa wavu wa ufukweni. Siku ya kuupeleka akawakuta vijana wametandaza utepe wa kuonyesha mipaka ya uwanja, ule wa buluu, maana mchangani chokaa haikai. Akasimama, akainamisha kichwa, akasema, "Huu umepinda."

Wakamcheka. Kocha akamwambia, "Mama, huo umepimwa na watu waliosomea."

Mke wangu akavua futi shingoni, akapiga magoti, akapima. Utepe ulikuwa umepinda kwa upana wa vidole vitatu. Wiki iliyofuata kocha akaja hapa dukani kumwomba awe mshika kibendera.

Mshika kibendera anasimama pembeni ya uwanja kulinda mstari wake. Mpira ukitua ndani au ukigusa utepe, anashusha kibendera. Ukitoka nje, anakiinua. Basi, kazi yenyewe ndiyo hiyo. Hakuna anayekuja uwanjani kumtazama yeye, na ukiona ametazamwa ujue mambo yameharibika.

Mke wangu aliipenda kazi hiyo kuliko nilivyowahi kumwona akipenda kitu, nami nikiwemo. Jumapili baada ya chakula alikuwa anaitandaza futi sakafuni, anakaa mwisho wa chumba, mimi namrushia vifungo vya mashati. "Ndani. Nje. Nje. Ndani." Nikijaribu kumdanganya, nikasogeza kifungo kwa kidole cha mguu, anasema, "Rudisha mguu wako, mzee." Na huku nikirusha ananisomea kanuni, moja baada ya nyingine, mpaka nikazijua kama ninavyojua bei za kunyoa. Iliyompendeza zaidi ni ya utepe. Utepe wa ufukweni haujabanwa sana, unalala tu juu ya mchanga. Mpira unaweza kutua nje kabisa, ukausukuma mchanga, na mchanga ukautikisa utepe. Watu wote watauona utepe ukicheza, watapiga kelele kuwa mpira umegusa. Haujagusa. Ni nje. "Usitazame utepe," alikuwa anasema, "tazama mpira unapotua." Nilikuwa namwitikia, naam, naam, huku nasinzia.

Mwaka wa kisa hiki mashindano ya kimataifa yakaja kwetu. Nchi kumi na sita, wanawake na wanaume, majukwaa ya mbao yakajengwa ufukweni, mahema, vipaza sauti. Pamoja na waamuzi akaja msimamizi wao, mama mmoja mrefu asiyecheka, kalamu haimtoki mkononi, nikampachika jina la Bibi Daftari. Mke wangu alirudi kutoka mkutano wa kwanza akafunga mlango, akaniambia polepole, "Anachagua mmoja. Mshika kibendera mmoja kutoka hapa, aende mashindano ya dunia." Akakaa kitandani. "Miaka kumi na moja, mume wangu. Nikikosea mara moja tu wiki hii, basi." Nilimshika mkono nikamwambia hatakosea. Nilisema kwa moyo wangu wote. Nataka mlijue hilo kabla sijaendelea.

Sasa na mtaa nao ulikuwa na jambo lake. Timu yetu ya wanawake ilikuwa na Kijiko na Mnara. Mnara anaitwa hivyo kwa urefu. Kijiko ni binti wa mzee wa bucha, duka la tatu kutoka kwangu, na jina alilipata kwa sababu mpira wowote unaokaribia kugusa mchanga yeye anauchota. Hatukuwahi hata mara moja kufika fainali ya mashindano ya kimataifa, na wale wasichana wawili wakawafunga watu, wakawafunga watu, hadi nusu fainali. Jumamosi hiyo nilifunga duka. Bucha ilifungwa. Nadhani hata mbwa wa mtaa walikwenda ufukweni. Mimi nilikaa safu ya tatu, kwa tiketi niliyopewa na mke wangu mwenyewe, mzee wa bucha kushoto kwangu, dereva wa lori mteja wangu kulia.

Tulishinda seti ya kwanza, tukapoteza ya pili. Ya tatu huchezwa hadi pointi kumi na tano, na lazima ushinde kwa tofauti ya mbili. Tulikuwa na kumi na nne, wao kumi na tatu. Pointi moja tu ituingize fainali. Mnara akauinua mpira, Kijiko akaruka, akaupiga sambamba na mstari wa pembeni, kwenye kona ileile aliyosimama mke wangu. Mpira ukatua, mchanga ukaruka, na utepe ukatikisika. Niliuona kwa macho yangu mawili. Kijiko akapiga magoti mikono juu. Mzee wa bucha alinikumbatia nusura anivunje mbavu, nami nikamkumbatia, tukaruka pamoja, watu wazima wenye wajukuu.

Nilipogeuka, kibendera cha mke wangu kilikuwa juu.

Kisha dereva wa lori akanigusa bega. "Kinyozi, si shemeji huyo?"

"Leo simjui!" nikajibu.

Nikapanda juu ya benchi. Sauti yangu mnaijua, nimeikuza kwa miaka thelathini ya kubishana nikishindana na kelele za mashine ya kunyolea. "Mtoeni huyo! Haoni! Utepe umetikisika! Mtoeni!" Jukwaa lote likayadaka maneno mdomoni mwangu. "Haoni! Haoni! Haoni!" Watu elfu mbili, na mimi ndiye niliyeuanzisha wimbo.

Hakugeuka. Alisimama wima, mkono umenyooka, kibendera juu, kama mtu anayesubiri maji yachemke. Mwamuzi mkuu akashuka kwenye kiti chake kirefu, akaja, akamuuliza. Mke wangu akapiga goti moja na kuelekeza kidole bila kugusa kitu. Safu ya tatu si mbali, niliona. Palikuwa na alama ya mpira, duara zuri kabisa. Kando yake kipande chembamba cha mchanga ambao haukuguswa na chochote. Halafu ndipo penye mfereji mdogo ambamo utepe ulikuwa umelala kabla ya kusukumwa. Mwamuzi alitazama kwa muda mrefu. Akasimama, akaonyesha: nje.

Hapo ndipo kanuni ikanirudia kichwani, neno kwa neno, kwa sauti ya mke wangu. Nikashuka kwenye benchi, nikakaa. Watu bado walikuwa wanapiga kelele, na mimi niliyewasha moto sikujua pa kuuzimia. Kumi na nne kwa kumi na nne. Kisha wakapata moja. Kisha nyingine. Tukatolewa.

Nilirudi nyumbani kwa njia ya kuzunguka. Nilimkuta uani ananawa mchanga miguuni. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, nina maneno kama kumi ya kujitetea. Akainua uso, akaniuliza, "Umekula?" Basi. Afadhali angenitukana, ningejua pa kuanzia. Nikasema nimekula, uongo mtupu, nikaenda kulala na njaa yangu.

Jumapili akaenda kazini, kwenye fainali. Mimi nilijifanya nina kazi nyingi, nikawa nanoa mikasi ambayo ilikuwa imenolewa. Kijiko na Mnara wakacheza kutafuta mshindi wa tatu, wakashinda, wakavishwa medali ya shaba, ya kwanza katika historia yetu. Mtaa ukapiga vigelegele, lakini kila kigelegele kilimalizikia kwa neno la fainali, na kila neno la fainali lilimalizikia kwa jina la Mama Futi.

Jumatatu asubuhi mzee wa bucha akaja, kidevu kimejaa ndevu. Akakaa kitini, akatazama kioo badala ya kunitazama mimi. "Ninyoe," akasema, "lakini leo hatuzungumzi."

"Sawa, mzee."

"Maana nyumba yako, kinyozi, imetunyima fainali."

"Si tulikubaliana hatuzungumzi?"

"Sizungumzi mimi. Nasema tu." Akaendelea kusema tu kwa robo saa, na wateja wawili waliokuwa wakisubiri wakamsaidia. Nami, na hili ndilo linaloniuma hadi leo, nilinyamaza. Niliijua ile alama mchangani, niliijua ile kanuni, lakini ningeanzaje kumtetea mtu niliyemzomea mwenyewe kwa sauti kuliko wote? Upande wa pili wa ukuta cherehani ilikuwa imesimama.

Mara Kijiko akaingia, medali shingoni juu ya fulana ya kulalia. "Baba," akasema, "mpira ulitoka."

Mzee akageuka na sabuni yote. "Mpira gani?"

"Wa Jumamosi. Ulitoka, baba. Nilikuwa karibu kuliko nyinyi wote. Niliona mchanga ukiusukuma utepe." Akatazama chini. "Nilipiga magoti makusudi. Nilifikiri nikiwahi kushangilia, watu wote watashangilia, na yeye ataogopa kuinua kibendera. Hakuogopa."

Wembe ulikuwa umekwama hewani mkononi mwangu, nikauweka mezani. Kijiko akatoka, akazunguka ukuta, tukamsikia upande wa pili. "Mama Futi, nisamehe."

"Njoo nikuone," akasema mke wangu. "Nani kakupunguzia suruali hiyo? Mguu mmoja mfupi."

Msichana akacheka huku analia. "Na hongera kwa safari, Mama. Tuliposikia jana jioni umechaguliwa wewe, mimi na Mnara tulipiga kelele mpaka tukafukuzwa hemani."

Safari gani? Nikamwacha mzee wa bucha na nusu kidevu, nikatoka mbio na kitana mkononi. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye cherehani, futi shingoni, ananitazama nikiingia kama mtu aliyekuwa ananisubiri.

"Umechaguliwa?"

"Nimechaguliwa."

"Tangu jana?"

"Tangu jana jioni."

"Na hukuniambia mimi? Mimi mumeo?"

"Nilikuwa nasubiri uanze wewe," akasema.

Tangu jana amekaa na furaha ya miaka kumi na moja ameifungia kifuani, ananipisha mimi nipitishe neno langu moja kwanza, na mimi nanoa mikasi.

"Yule msimamizi aliniita Jumamosi baada ya mchezo," akaendelea. "Akaniambia, yule mwanamume wa safu ya tatu aliyepanda benchi, amekutisha? Ukitaka, kesho tutamzuia mlangoni. Alikuwa ameshaandika mpaka rangi ya shati lako."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia, mwache, huyo ni mume wangu. Kelele zake nazisikia ukutani kila siku, na sijawahi kukosea mshono." Akaanza kukunja kitambaa kisichohitaji kukunjwa. "Alicheka, unajua? Kalamu ikamwanguka."

Kijiko alikuwa ameziba mdomo kwa medali yake. Mlangoni mzee wa bucha alikuwa amefika, kidevu nusu sabuni, na nyuma yake wale wateja wawili, na nyuma yao muuza matunda wa ng'ambo ya barabara aliyenusa habari. Ningeweza kusubiri waondoke. Lakini niliyoyafanya mbele ya watu sikuona sababu ya kwenda kuyamaliza chumbani. Basi nikapanda juu ya kigoda chake cha kupimia wateja, nikaitoa sauti yangu yote ile ya Jumamosi, barabara nzima ikageuka.

"Mke wangu aliona! Mimi ndiye niliyekuwa sioni! Mpira ulitoka, na mimi nilimkosea, na anakwenda mashindano ya dunia, na naomba msamaha wake hapa hapa mkisikia wote!"

"Shuka, utavunja kigoda," akasema mke wangu. "Watu wanafanya kazi." Lakini alikuwa anacheka, machozi yanamtiririka, na alikuwa ameishika suruali yangu kwa mikono miwili nisianguke.