Masaa Sita Gatini

Mume wangu Tamim ni mtu wa taratibu, na taratibu zake zimeniliza kuliko kitu kingine chochote alichowahi kunifanyia. Msidhani ni mkali. Mkali ni mimi. Miaka ishirini na sita alikuwa fundi wa boti za polisi hapa Portbell, bandari ya Kampala ziwani, akastaafu, na bado kukaa nyumbani hakuwezi. Ukimtaka, nenda gatini, utamkuta kichwa kiko ndani ya injini na miguu iko nje.

Boti yenyewe ni kuukuu, moja ya zile za polisi. Ilipouzwa mnadani, yeye na Afande Okidi waliinunua kwa kiinua mgongo chao. Okidi alikuwa mkubwa wake kazini, Mwacholi wa Kitgum, kaskazini kabisa, mrefu, mpole, na mpaka leo nyumbani kwetu tunamwita afande tu. Walibeba mizigo ya visiwani miaka kadhaa, kisha injini ikachoka, afande naye akaugua ini, boti ikakaa.

Mwezi wa pili afande alikuja kwa bodaboda, akakaa sebuleni kwangu, akakataa chai.

"Fundi," akamwambia Tamim, "mimi nataka kwenda Koome. Nataka kuona Atoo mbele sijakufa."

Atoo alikuwa mtoto wake wa kwanza. Alikufa kwa malaria akiwa na miaka minne, wakati baba yake anasimamia kituo cha polisi kule kisiwani. Ziwa lilichafuka siku tatu, wakamzika hukohuko, nyuma ya kituo. Sasa afande alitaka achukue udongo wa kaburi lile kwa mkono wake mwenyewe, aende nao Kitgum, azikwe nao. "Nisiache yeye peke yake kule," alisema. Mimi nikakimbilia jikoni.

Nilimwambia Tamim akodi boti nyingine. Wapi! Zile za mbao hujaa watu na mikungu ya matoke, mgonjwa hapati hata pa kunyoosha mguu. Na afande mwenyewe alitaka hii hii, kwa sababu ndiyo iliyompeleka Koome siku ile ya kwanza, Atoo amebebwa mgongoni na mama yake.

Basi Tamim akaifungua injini yote. Nozeli akazipeleka kwa mafundi wa Katwe zikasafishwe. Pampu ya maji ya kupozea injini ilikuwa imekatika mapanga yake ya mpira, na vijana wa gatini wakamwambia, mzee, chonga tairi, twende. Akawatazama kana kwamba wamemtukana mamake. Akaagiza mpira wenyewe kutoka Mombasa, tukangoja wiki tatu. Wiki tatu, jamani, na afande anazidi kuwa wa manjano. Nilipiga kelele mpaka majirani wakaja kuniuliza kuna nini.

Alhamisi moja injini ikawaka. Tamim akanipigia simu, na mimi nikampigia Akwero, binti wa afande, amlete baba yake. Wakamlaza kwenye benchi ndani ya boti, na godoro, na blanketi. Nikafunga chapati za njiani. Lakini kamba haikufunguliwa.

Hapo ndipo ilipoingia taratibu yao. Injini iliyofunguliwa haibebi mtu mpaka iwashwe masaa sita mfululizo, boti imefungwa gatini. Likitokea kosa lolote, dogo namna gani, unarekebisha na kuanza kuhesabu upya. Afande ndiye aliyeiweka alipokuwa mkubwa wao, baada ya kupoteza askari wawili ziwani kwa injini iliyozimika.

Iliwashwa saa tatu asubuhi. Saa saba, masaa manne yameshapita, Tamim akaona tone la dizeli kwenye mrija. Tone moja! Akakaza nati, akapangusa, halikutoka tena. Nikasema, haya, malizieni mawili yaliyobaki, mtafika Koome kabla ya giza. Tamim akatikisa kichwa.

"Tunaanza upya, na gati linafungwa saa kumi na mbili. Itakuwa kesho, afande."

Nilimtukana. Nilimtukana mbele ya watu, wallahi, na sioni haya. Afande akainua mkono kuninyamazisha. Alimtazama Tamim, akautazama ule mrija. Nilijua anataka kusema twende, na Tamim pia alijua. Angesema, tungekwenda. Lakini angesemaje, na sheria ni yake?

"Sawa, fundi," akasema. "Kesho."

Ijumaa Tamim aliwasha saa moja asubuhi. Saa tano Akwero akanipigia, na kabla hajasema neno nikajua. Afande alikuwa amefariki kitandani, amevaa viatu vya safari. Maiti ingeondoka alasiri hiyohiyo kwa barabara kwenda Kitgum, bila ule udongo.

Nilishuka gatini nimejifunga khanga kiunoni, nimejiandaa kumrarua mtu. Ilibidi nipige kelele kuishinda injini. Tamim alinisikia. Akatazama saa yake.

"Bado masaa mawili," akasema, akaketi karibu na ule mrija.

Nilitaka kumzaba kofi. Badala yake nikaketi upande wa pili wa lile benchi lenye godoro, na tukangoja. Adhana ya Ijumaa ikaadhiniwa, naye hakunyanyuka, mtu ambaye sijamwona akikosa Ijumaa tangu anioe. Injini ilinguruma vizuri kabisa. Mrija ulikuwa mkavu.

Masaa sita yalipotimia akazima, akapitisha kidole kwenye ile nati, akanionyesha. Kidole kilikuwa kikavu.

"Ilikuwa nzima, mama Sumayiya," akasema. "Tangu jana ilikuwa nzima."

Nikashika ncha ya khanga yangu, nikampangusa kile kidole kikavu.