Kumpisha Mkwe kwa Baiskeli

Nimekuwa nikienda kazini kwa baiskeli tangu nilipoajiriwa kuwa mkutubi wa chuo kimoja hapa Mbeya, na sioni sababu ya kumwomba mtu radhi kwa hilo. Nyumba yetu iko Igawilo. Chuo kiko upande wa Uyole. Kati ya nyumba na chuo ipo barabara ya vumbi inayopita katikati ya mashamba ya viazi, na mtu mwenye afya anayeiona njia hiyo kuwa ndefu aichunguze kwanza nafsi yake kabla ya kuilaumu barabara. Funguo za maktaba ziko kwangu. Nikichelewa, wanafunzi husimama kwenye ngazi wakipuliza viganja kwa baridi, na kila mmoja wao hujifunza, bila kufungua kitabu, kwamba muda wa mtu mwingine ni kitu cha kuchezea. Somo hilo sikubali kulifundisha.

Nilizaliwa Iringa, kwa wazazi Walutheri waliomsalimia kila mtu, mkwe na asiye mkwe. Nilipoolewa na Mnyakyusa nilikuta heshima ya namna nyingine. Mke wa mwana haonani na baba mkwe wake. Hasemi naye, hamtazami usoni, hakai naye chumba kimoja. Wakikutana njiani, mwanamke huacha njia, huingia pembeni na kuinama akiwa amempa mgongo mpaka mzee apite. Siku hizi wengi wameiacha desturi hiyo na wengine wanaicheka. Mimi niliishika kwa hiari yangu, kwa kuwa nimeona watu wengi wakitupa adabu za wazee wao na wachache sana wakiweka adabu nyingine mahali pake. Isitoshe, kwa miaka mingi haikunigharimu kitu. Wakwe zangu waliishi Tukuyu, nasi tulipowatembelea mzee alijua mlango wa kutokea.

Mambo yalibadilika walipohamia kwa shemeji yangu, si mbali na kwetu. Mzee alipewa kipande cha shamba la viazi kando ya barabara ile ile ninayopita, na kama mimi, yeye ni mtu wa asubuhi.

Kumpisha mkwe ukiwa unatembea ni jambo la hatua chache. Kumpisha ukiwa juu ya baiskeli ya kiume, umevaa sketi na kitenge juu yake, na kapu la vitabu limefungwa nyuma, ni kazi. Unashika breki, unashuka, unaivuta baiskeli majanini, unailaza vitabu visimwagike, unainama. Mzee anapita polepole, maana hapaswi kuonyesha kwamba amekuona, na mtu asiyemwona mtu hana sababu ya kuharakisha. Kisha unainua kila kitu upya.

Asubuhi moja ya masika tulikutana mahali pasipo na majani. Upande mmoja ulikuwa ua wa minyaa, upande wa pili mfereji. Nilichagua mfereji. Niliingia na baiskeli yangu ndani ya maji ya matope hadi magotini, nikainama humo, na mzee akapita barabarani kwa mwendo wake wa kawaida. Nilipofika chuoni wanafunzi walikuwa wamejaa kwenye ngazi.

"Madam, leo umeanzia shamba?" akauliza mmoja, na wenzake wakacheka chini chini.

"Nimeanzia heshima," nikamjibu. "Futa viatu vyako uingie."

Nikaamua kutoka nyumbani mapema zaidi, kabla ya ukungu kuinuka, ili mzee aikute barabara tupu. Sikujua kwamba naye, kwa kuuonea huruma mfereji ule, alikuwa ameamua jambo lile lile kwa ajili yangu. Tulikutana ndani ya ukungu, mimi nikiteremka, naye akiwa amebeba jembe begani. Nilimwona alipokuwa karibu kiasi cha kushikana mikono. Nilipinda usukani, nikapita kati yake na ua, minyaa ikanikwaruza mkono, nikaanguka mbele kidogo. Nyuma yangu nilisikia jembe likidondoka. Sikugeuka. Kutogeuka huko, wakati sijui kama mzee wa watu ameumia, ni jambo gumu kuliko yote niliyowahi kufanya kwa ajili ya desturi. Nilibaki hivyo mpaka nikasikia akiokota jembe lake na kuendelea na safari.

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Jumapili, baada ya ibada, niliitwa kwa shemeji. Mama mkwe alikaa sebuleni kwenye mkeka, na wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alikuwa kwenye kiti na hukumu yake tayari. Mume wangu alikaa karibu na dirisha, akitazama nje, kama inavyompasa mtu aliyekwisha kuniambia nyumbani kwamba yuko upande wangu. Mzee alikuwa chumba cha pili, nyuma ya pazia.

"Wifi, uza hiyo baiskeli," akaanza wifi yangu. "Utatuulia baba. Panda bajaji kama wanawake wenzako."

"Bajaji husubiri ijae," nikasema, "na funguo ninazo mimi. Baiskeli siuzi. Na baba nitaendelea kumpisha."

"Utampisha vipi? Kwa kumgonga?"

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Mama, hebu muulize huyo mgeni wako, huo mkono umepona?"

Mama mkwe akanigeukia, akapaza sauti kana kwamba nilikuwa bondeni huko. "Mwanangu, unaulizwa, mkono umepona?"

"Mwambie baba umepona. Naye muulize kama hakuumia."

"Anauliza kama hukuumia."

"Aliyeumia ni jembe," ikasema sauti. "Mwambie, viazi havina saa ya kuripoti. Kazi yake ina saa. Sasa muulize, baiskeli yake ina kengele?"

"Unaulizwa kengele."

"Haina, mama."

"Haina."

"Basi aweke. Akinikaribia apige. Mimi nitageuka nitazame viazi vyangu, yeye apite bila kushuka."

Wifi yangu alisimama. "Baba, anayejificha ni mwanamke. Tangu lini mzee akageuka?"

"Mwambie mwanao," sauti ikamjibu mama mkwe, ingawa wifi aliruhusiwa kabisa kusemeshwa naye moja kwa moja, "kinachotakiwa ni tusionane. Mimi shingo yangu bado inageuka. Au yeye anataka mke wa mdogo wake azame mferejini kila wiki?"

"Umesikia," mama mkwe akamwambia bintiye. Kisha akaelekea kwenye pazia. "Na mimi nikipita hapo, utageuka?"

"Wewe ukipita ulete chai."

Wifi alicheka bila kutaka, akaketi. Kesho yake mchana nilipita kwa fundi wa Uyole, akanifungia kengele ya chuma yenye sauti kali.

Jumanne ukungu ulikuwa mzito. Nilipofika kwenye kona ya minyaa nikapiga kengele, nikatazama gurudumu la mbele na si kitu kingine. Pembeni ya jicho niliona koti la mzee likigeuka, mgongo wake mpana ukitulia kati ya matuta. Sikushika breki. Maktaba ilifunguliwa kabla mwanafunzi yeyote hajafika kwenye ngazi, na tangu siku hiyo imekuwa hivyo.

Jirani wa mzee kule shambani, mwanamume wa makamo ambaye si mkwe wangu kwa lolote, alitazama jambo hilo kwa juma zima bila kuuliza. Sasa naye, nikipiga kengele, huacha jembe na kunipa mgongo kwa unyenyekevu mkubwa. Sijamsahihisha.