Mgeni Niliyemkatiza Salamu

Najua utasema nimetunga. Mke wangu alisema hivyo hivyo, mchungaji wetu akasema ni uchovu, na meneja wangu akasema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Basi, anayetaka kuamini aamini, asiyetaka aendelee na shughuli zake. Mimi nilikuwepo. Niliketi na yule mtu, meza moja tu kati yetu, na mpaka leo nikimkumbuka nakasirika, tena najikasirikia mwenyewe kuliko yeye.

Miaka ile ya elfu mbili nilikuwa mtangazaji wa redio moja ndogo pale Kitengela. Studio yetu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo, na mawimbi yetu yalikuwa dhaifu. Kajiado mjini ulitusikia vizuri. Ukipita hapo ukielekea Namanga tulianza kukwaruza, halafu kimya. Kila siku ya kazi, kuanzia saa mbili hadi saa tatu asubuhi, nilikuwa na kipindi cha mazungumzo: mgeni mmoja, mada moja, na simu za wasikilizaji.

Usidhani ilikuwa kazi tamu. Wageni wa redio watakuua kwa presha. Chifu anakuja kuzungumzia usalama, na kila swali anajibu, "Tunalishughulikia." Mhubiri unamuuliza kuhusu shule za nasari, anakuhubiria saa nzima. Mheshimiwa anaahidi kuja mwenyewe, kisha anamtuma mtu asiyejua hata mada ni nini. Na wote, bila kubagua, wanataka salamu. Ilikuwa desturi yetu kwamba dakika ya mwisho mgeni anasalimia watu wake. Dakika moja. Nani amewahi kutumia dakika moja? Mtu anaanza na mke, anapitia kwa wakwe, anamalizia na fundi wa baiskeli yake. Nayo taarifa ya habari ilikuwa lazima ianze saa tatu kamili. Nilikuwa nimeichelewesha mara mbili, na meneja alikuwa ameniambia waziwazi kwamba mara ya tatu nitafute kazi kwingine.

Sasa nikuambie la baba, maana ndilo lenyewe. Baba alikuwa mkulima kule Illasit, karibu na Loitokitok, ambako familia yetu ilihamia kutoka Ukambani nikiwa mdogo. Alilima nyanya na vitunguu kwa maji ya mfereji. Nilipoacha ualimu nikaenda redioni alininunia miaka miwili. "Umeacha watoto wanaokuona, umeenda kuongea na watu wasiokuona," alisema. Na redio yenyewe haikufika kwao, kwa hivyo hakuwahi kunisikia hata siku moja. Kisha mwaka ule akanipigia kwa simu ya dada yangu Mwende. "Kuja nyumbani. Niko na neno la kukuambia, na si la simu."

Nikasema Jumamosi. Jumamosi ikaja na harusi ambayo nilikuwa nimekubali kuwa mshereheshaji wake. Nikasema ijayo. Ijayo nikachoka. Jumamosi nne, ndugu yangu, nilimdanganya mzee wangu.

Ikafika Jumanne moja. Mada ilikuwa ukame, mgeni afisa wa mifugo. Ikabaki dakika tano, afisa hayuko, simu yake imezimwa. Nilitukana kimoyomoyo. Nikatoka nje ya studio, na pale kwenye benchi nikamkuta mzee mmoja amevaa koti refu la kijivu na gambuti zilizojaa tope bichi. Tope! Kitengela tulikuwa hatujaona mvua kwa miezi. Lakini mtu aliyekosa mgeni haulizi habari za tope.

"Mzee, umekuja kwa kipindi?"

"Ndio. Mimi nimetoka Illasit. Naweza kuongea mambo ya maji."

"Ulilala hapa Kitengela?"

"Hapana. Nimetoka huko asubuhi hii."

Gari la kwanza kutoka Loitokitok lilikuwa likifika kwetu karibu adhuhuri. Hilo nilikuja kulikumbuka baadaye. Wakati ule nilifurahi tu kwamba ni mtu wa nyumbani, nikamwingiza ndani, nikamvalisha vipokea sauti.

Na niamini, hakuna mgeni aliyewahi kuongea vizuri kama yeye. Alieleza zamu za maji, jinsi watu wa juu wanavyowaibia watu wa chini, na jinsi mzee anavyoamka alfajiri kufungua maji yake na kukuta yamekwisha kugeuzwa. Ukimuuliza anajibu, akimaliza ananyamaza. Kitu kimoja tu kilinikera. Laini ya studio haikulia hata mara moja. Kwa kawaida ukitaja ukame tu simu zinagongana. Siku nimepata mgeni wa maana, watu wote wamelala?

Muda ukaisha. Nikamwambia, "Mzee, salimia watu wako, lakini dakika moja tu, tafadhali."

Akaanza taratibu, kama mtu anayepanda mahindi shimo kwa shimo. Akamsalimia mama mmoja wa mfereji wa juu, fundi wa majembe, na wanakwaya wote kwa majina. Mimi nilikuwa natazama saa ya ukutani na damu inanichemka. Sekunde ishirini. Kumi. Hapo akageuka akanitazama mimi.

"Na wewe, mtangazaji, niko na salamu zako. Zimetoka kwa baba yako. Amesema nikuambie—"

Nikashusha sauti ya maikrofoni yake. Kwa mkono huu. Nikasema, "Tunamshukuru mgeni wetu, sasa ni saa tatu kamili," nikaachilia mlio wa habari.

Sasa niambie wewe: nilishusha maikrofoni, sikumfunga mtu mdomo. Tulikuwa chumba kimoja. Midomo yake iliendelea kusema, nami nikaiona, lakini sikusikia hata neno. Nikageuka kidogo kumpa ishara msomaji wa habari aliye nyuma ya kioo. Nilipomrudia mzee, kiti kilikuwa kitupu na vipokea sauti viko mezani, vimelowa maji.

Meneja akaingia kama moto. "Ulikuwa unaongea na nani saa nzima? Na kiti? Unauliza swali, kimya, unacheka, unauliza lingine! Watu wamepiga simu kwa ofisi yangu wakisema mtangazaji amerukwa na akili!"

Nikamwonyesha vile vipokea sauti. Akaniambia niache funguo kwa meza. Ona basi: nilimkatiza mtu ili nisifutwe kazi, na kazi ikaenda palepale.

Kwenye ngazi nikawasha simu yangu ya mkononi. Ikalia kabla sijafika chini. Alikuwa Mwende, analia. Baba alitoka alfajiri kufungua maji, na watu walikuwa wamemkuta kando ya mfereji sasa hivi, ameshaaga dunia.

Tulimzika Jumamosi. Ya tano, ukihesabu. Niliuliza Illasit nzima kuhusu mzee wa koti la kijivu. Hakuna aliyemjua. Kisha mama akaniita jikoni, akaniambia kwa Kikamba maneno haya:

"Asubuhi ile nilikuwa nimemfunikia baba yako chai. Redio yake ilikuwa imewashwa, ikaanza kutoa sauti yako. Sijui ilifikaje huku. Nikamsikia mgeni wako, kila neno. Aliposema ana salamu za baba yako, nikafurahi, nikajua mzee amekutumia mtu, mtapatana. Halafu ukamkata. Mwanangu, mbona ulimkata?"

Ningemwambia nini? Kwamba ilikuwa saa tatu?

Siku hizi nauza misumari na mabati hapa Kitengela, na redioni sijarudi. Nimejaribu kukisia lile neno mpaka nimechoka. Kama lilikuwa laana, nataka nijue nitubu nini. Kama lilikuwa msamaha, niliuhitaji kuliko mshahara wote niliowahi kupokea. Na huenda lilikuwa habari ya ng'ombe tu. Sijui, na hakuna wa kuniambia. Mama sasa ni mzee sana, ameanza kusahau majina ya wajukuu wake, lakini kila nikienda ananishika mkono na kuniuliza swali lile lile, mbona nilimkata.

Kwa hivyo wewe unayenisoma, mzazi akikuita, nenda. Usimpangie Jumamosi. Na mtu yeyote akikuambia ana salamu zako, weka chini ulichoshika, umwache amalize. Hiyo saa unayoitazama itafika tu, hata usipoisaidia.