Sauti ya Kilatini Shambani Mollo

Ndugu wasomaji, nichekeni tu, nimestahili. Mimi niliishia darasa la saba, lakini naota kutembeza watalii kule Kipili, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo juzi nikapakua kwenye simu kamusi ya Kiingereza, ile inayoeleza kila neno lilitoka wapi.

Kesho yake asubuhi mimi, Bibi na majirani tulikuwa shambani kijijini Mollo tunavuna ulezi. Ukungu ulikuwa mzito, aliye hatua chache tu humwoni. Mara sauti nzito ya mwanamume ikatamka polepole: "Requiem." Kisha: "Requies."

Visu vikasimama.

"Nani huyo?" nikauliza.

"Hicho Kilatini," Bibi akanong'ona. "Cha misa ya wafu, ya utotoni mwangu. Padre wetu marehemu ananiita."

"Bibi, acha hizo!"

"Usibishane na wafu, mjukuu wangu. Kaniagie mama yako."

Akaketi chini, akajifunika kitenge usoni, akatulia kama aliyekwisha kwenda. Majirani wakatuzunguka, wakaanza Salamu Maria. Mimi, mwanaume mzima, nikapiga magoti nikilia: "Padre, nichukue mimi, mwache Bibi!"

Sauti ikajibu, karibu kabisa: "Requiem."

Sala ikakatika. Wote wakatazama mfuko wa suruali yangu, ulikuwa unatoa mwanga. Jirani yetu Deus, aliyefika kidato cha nne, akaichomoa simu na kusoma.

"Ni kamusi yako inatamka neno la leo la Kiingereza," akasema. "Asili yake Kilatini."

Bibi akafunua uso taratibu.

"Mjukuu wangu, mwambie padre wako asubiri. Ulezi haujaisha."