Nyaya Zilizokosa Njia

Mwaka wa 1968 Bathsheba, binti wa kijiji cha Rangwe, alirudi kutoka Amerika kwa sababu mama yake alikuwa amelazwa hospitalini Homa Bay. Huko Amerika, katika kiwanda cha kompyuta, alifanya kazi ambayo hakuna jirani aliyeielewa: aliandika programu ya kuiwezesha kompyuta kuchora njia za nyaya ndani ya kipande cha silikoni kisichozidi ukucha. Nyaya mbili zikigusana, kipande kimeharibika. Kompyuta ilizipanga moja moja, lakini za mwisho zilikuta njia zote zimezibwa.

Hakuwa amemaliza hata wiki telegramu ikaingia kutoka kiwandani. Programu isipokamilika upesi, mradi unafungwa.

Akakaa kando ya kitanda cha mama yake, karatasi magotini, akichora na kufuta.

"Unashona nini, nyathina, mwanangu?" mama akauliza.

"Natafuta njia, Mama."

Wazo likamjia hapo hapo: kompyuta ikikwama, ing'oe nyaya zinazoziba, ipitishe ule uliokwama, kisha izipange upya zilizong'olewa. Lakini kujaribu kulihitaji kompyuta, na iliyokuwa karibu ilikuwa Nairobi, katika ofisi alikofanya kazi rafiki yake wa chuo.

Kaka yake Cephas alimzuia mlangoni. "Usiende. Huoni anavyopumua?"

"Nisipoenda sina kazi. Dawa zake tutazitoa wapi?"

"Dawa haiulizi uko wapi. Yeye anauliza."

Akaenda. Nairobi alitoboa upya kadi za kuandikia programu, akazilisha mashine, akasubiri. Nyaya tatu zikakosa njia. Akabadilisha mpangilio, zikakosa tano. Wenye ofisi wakaitaka mashine yao. Bathsheba akateremka, akaketi kwenye ngazi za nje na kulia mbele za watu.

Aliporudi Homa Bay alimkuta mama yake hai, ila kauli imekatika.

"Mama, nimefika. Ni mimi."

Macho ya mama yalimpitia kama mgeni, yakaenda dirishani. Cephas hakumlaumu. Alisogea tu kwenye benchi, akampisha aketi.

Mama alifariki Jumapili. Mradi nao ukafungwa, na Bathsheba hakurudi Amerika. Alipata kazi ya kufundisha hesabu Rangwe. Muhula wote wa kwanza Cephas alimsindikiza kila asubuhi hadi lango la shule, kwani akimwacha peke yake alikuwa akiketi kando ya barabara, hawezi kwenda mbele wala kurudi.